Aldabra, Milki ya Kobe
Msafiri aazimuye kuzuru kwa merikebu Aldabra ya Shelisheli, isiyo na wenyeji wala kiwanja cha ndege, hana budi kupata idhini, na kusafisha viatu vyake asichukue mbegu ngeni. Na taabu hiyo, kwa rai yangu, ni haki. Kwani kobe wakubwa wa huko, ambao jamaa zao katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi walimalizwa na mabaharia waliowapakia wangali hai wawe kitoweo cha safari, walitetewa mwaka 1874, Charles Darwin na wenziwe walipomwandikia Gavana wa Mauritius awahifadhi. Mwaka 1967 Waingereza, wataalamu wakipinga na hazina ikipungukiwa, waliacha azma ya kujenga huko Aldabra kituo cha ndege za vita. Leo kobe hao wakadiriwa kuwa kama laki moja.