Kutoka Mtandaoni hadi Mlangoni: Kampeni ya Wananchi ya Haki ya Ndoa ya Jinsia Moja nchini Ayalandi, 2006–2015

1. Utangulizi

Tarehe 22 Mei 2015, wapigakura wa Jamhuri ya Ayalandi waliidhinisha marekebisho ya 34 ya Katiba yao, yaliyoruhusu watu wawili kufunga ndoa bila kujali jinsia zao. Kura za ndiyo zilikuwa 1,201,607, sawa na asilimia 62.07, na kura za hapana zilikuwa 734,300. Ayalandi ikawa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha ndoa ya jinsia moja kwa kura ya maoni ya taifa zima. Kwa kuwa picha na jumbe za kampeni hiyo zilienea sana katika mitandao ya kijamii, ni rahisi kuuhesabu ushindi huo kuwa ni kazi ya teknolojia.

Makala hii inalichunguza dai hilo. Hoja yake kuu ni kwamba mtandao ulifaa pale ulipowatoa watu mtandaoni na kuwafikisha kwingine: kwenye daftari la wapigakura, kwenye milango ya majirani na mbele ya wazazi na bibi zao. Aidha, makala inaonesha kwamba njia hiyo ilikuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo haikubebwa na wananchi wote kwa usawa.

2. Usuli: Mahakama, Bunge na Katiba

Hadi mwaka 1993, mahusiano ya kimapenzi baina ya wanaume yalikuwa kosa la jinai nchini Ayalandi, chini ya sheria zilizorithiwa kutoka enzi ya utawala wa Uingereza. Sheria hizo zilifutwa miaka mitano baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuamua, katika shauri la David Norris la mwaka 1988, kwamba zilikiuka haki ya faragha. Suala la ndoa lilifika mahakamani kupitia kwa Katherine Zappone na Ann Louise Gilligan, waliofunga ndoa Vancouver, Kanada, mwaka 2003, kisha wakataka ndoa yao itambuliwe nyumbani. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliyakataa madai yao.

Kushindwa huko kulizaa vuguvugu. Mwaka 2007 kiliundwa kikundi cha watu wa kujitolea, LGBT Noise, kilichokuja kuandaa maandamano ya kila mwaka jijini Dublin. Mwaka 2008 likafuata shirika la Marriage Equality, lililochipuka kutokana na shauri la wanandoa hao wawili. Kwa upande mwingine, shirika kongwe la GLEN, lililokuwapo tangu mwaka 1988, liliamini zaidi katika mazungumzo ya hatua kwa hatua na wanasiasa. Sheria ya ubia wa kiraia ilipopitishwa mwaka 2010, GLEN iliipokea kama hatua ya mbele, ilhali vikundi vile viwili vipya viliiona kuwa daraja la pili la uraia. Sheria hiyo, kwa mfano, haikuwaruhusu wabia wawili kuasili mtoto kwa pamoja.

Tofauti hiyo ya mkakati ilikuja kufunikwa na ukweli mmoja wa kikatiba: Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937 haibadilishwi bila kura ya maoni. Mwaka 1995 talaka iliruhusiwa kwa njia hiyo hiyo, na pengo kati ya pande mbili lilikuwa kura 9,114 tu. Kila mwanaharakati wa ndoa aliijua hesabu hiyo. Hivyo basi, GLEN, Marriage Equality na Baraza la Uhuru wa Kiraia la Ayalandi viliunganisha nguvu chini ya jina la Yes Equality.

3. Filamu Fupi na Hotuba ya Jukwaani

Mwaka 2009, Marriage Equality ilisambaza mtandaoni filamu fupi iitwayo Sinéad's Hand. Ndani yake kijana mwanamume anabisha hodi nyumba baada ya nyumba, mjini na mashambani, akiwaomba watu asiowajua ruhusa ya kumwoa Sinéad. Mwishoni mtazamaji anaulizwa angejisikiaje kama angelazimika kuwaomba watu milioni nne ruhusa ya kufunga ndoa. Filamu hiyo haikutumia lugha ya mikataba ya haki wala vifungu vya sheria. Ilichukua desturi ambayo kila mtu anaifahamu, yaani posa, na kuigeuza kuwa fedheha.

Mkondo wa pili ulianza Januari 2014. Rory O'Neill, msanii ajulikanaye jukwaani kwa jina la Panti Bliss, alizungumzia chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja katika kipindi cha televisheni ya taifa, RTÉ, na kuwataja baadhi ya watu. Waliotajwa walilalamika, na RTÉ ikawalipa jumla ya yuro 85,000. Tarehe 1 Februari, katika ukumbi wa tamthilia wa Abbey, Panti alitoa hotuba kuhusu namna mtu anavyojichunga mwenyewe barabarani kwa kuogopa kutambuliwa. Video ya hotuba hiyo ilitazamwa mara mamia ya maelfu katika muda wa siku chache. Lililoanza kama mgogoro wa kituo cha utangazaji likawa mjadala wa taifa juu ya nani ana mamlaka ya kusema chuki ni nini.

4. Daftari na Safari ya Kurudi Nyumbani

Uzoefu wa California ulikwisha kuonesha hatari ya kuchelewa. Tarehe 4 Novemba 2008, wapigakura wa jimbo hilo la Marekani walipitisha Pendekezo la 8 lililozuia ndoa ya jinsia moja. Siku 11 baadaye, maandamano yaliyopangwa karibu yote kupitia mtandao yalifanyika katika miji mingi ya nchi hiyo. Yalikuwa makubwa, lakini kura ilikuwa imekwisha kupigwa. Waayalandi waliutumia mtandao kabla ya siku ya kura. Kuanzia Novemba 2014, wanafunzi na vijana walihimizana kuhakiki majina yao, na makumi ya maelfu ya majina yaliongezwa katika daftari la nyongeza kabla ya Mei 2015.

Sheria ya uchaguzi yenyewe iliipa kampeni sura yake. Raia wa kawaida anayeishi ng'ambo hana kura ya posta. Aliyeondoka kwa nia ya kurejea ndani ya miezi 18 huweza kubaki daftarini, lakini hana budi kufika kituoni mwenyewe. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 2008 ulikuwa umewatawanya vijana wengi, na wengi wao walikuwa Uingereza. Ndipo lilipoibuka tamko la mtandaoni lenye alama ya reli, #HomeToVote. Wasafiri walituma picha wakiwa ndani ya ndege, garimoshi na meli zinazovuka bahari kutoka Wales kwenda Dublin.

Wakati wa tukio hilo unastahili kuzingatiwa. Matangazo ya kulipia ya kisiasa hayaruhusiwi katika redio na televisheni za Ayalandi. Tena, kwa kanuni za wakati huo, vituo hivyo vilipaswa kunyamazia hoja za kampeni kuanzia saa nane mchana wa siku iliyotangulia kura. Mtandao haukubanwa na kanuni hizo. Kwa hiyo, saa ambazo redio na televisheni zilikuwa kimya ndizo saa ambazo picha za wanaorudi zilifurika. Hata hivyo, thamani ya kila picha ilitokana na tendo lililofanyika nje ya mtandao: mtu alikuwa amelipa nauli na kusafiri.

5. Gharama ya Ushuhuda

Wapinzani wa marekebisho walijenga hoja yao juu ya mtoto na haki yake ya kuwa na baba na mama. Ilikuwa hoja nzito katika nchi yenye mizizi mirefu ya Kikatoliki, na zaidi ya theluthi moja ya wapigakura waliikubali au waliafikiana na msimamo uliotokana nayo. Yes Equality haikujibu kwa mabishano. Iliwashauri wafuasi wake wasimulie maisha yao. Wanafunzi walihimizana kuwapigia simu bibi zao, na waliojitolea walibisha hodi mitaani jioni baada ya jioni.

Hapa ndipo penye kitendawili cha historia hii. Kilichodhihakiwa na filamu ya mwaka 2009 ndicho kilichotendeka mwaka 2015. Wapenzi wa jinsia moja walisimama mlangoni kwa mtu wasiyemjua, wakaeleza mapenzi yao na familia zao, kisha wakangoja jibu, ambalo mara nyingine lilikuwa la matusi. Wananchi wengine waliingia katika ndoa bila kuhojiwa na yeyote. Ushindi wa asilimia 62 hauufuti mzigo huo, na mwanahistoria anayehesabu kura pekee atauacha nje ya kumbukumbu.

6. Hitimisho

Kati ya majimbo 43 ya uchaguzi, ni jimbo moja tu, Roscommon–South Leitrim, lililokataa. Ndoa za kwanza chini ya sheria mpya zilifungwa Novemba 2015. Mfano wa Ayalandi unaonesha kwamba nguvu ya kampeni ya mtandaoni haina budi kupimwa kwa yale iliyowafanya watu watende: kujiandikisha, kusafiri, kubisha hodi na kuzungumza na wazee wao. Kipimo cha idadi ya watazamaji hakitoshi. Unaonesha pia kwamba haki ya wachache inapowekwa mikononi mwa wengi, hata jibu la ndiyo hupatikana kwa kuwataka wachache hao waanike faragha yao. Mataifa mengine yatakayofuata njia ya kura ya maoni yatarithi chombo kilichofanikiwa, pamoja na swali ambalo filamu ile fupi iliuliza miaka sita kabla ya kura.