Samaki Anaitwa Nyerere, Lakini Anaishi Sebuleni Ulaya

Kuna samaki mdogo, sentimita saba au nane hivi. Mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa njano, na mistari myeusi inashuka wima kama ya pundamilia. Kwenye sebule za Uholanzi, Ujerumani na Marekani anafugwa ndani ya matangi ya kioo ya lita mia tano, lita elfu moja na kuendelea, anawashiwa taa za bei mbaya na kulishwa kwa ratiba. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei.

Ndiyo, Nyerere. Huyo huyo mtoto wa Butiama.

Jinsi samaki mwenye jina la Mwalimu alivyotoka kwenye mawe ya Ziwa Victoria hadi kwenye kioo cha mtu asiyejulikana ng'ambo ni stori ambayo kila kijana wa Musoma, Bunda na Butiama angepaswa kuijua. Ni stori ya ziwa lake.

JINA LILIKOTOKA

Mwaka 1977 timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilipiga kambi Mwanza kuchunguza furu. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa furu hakuwa na maajabu yoyote. Samaki mdogo, miiba kibao, unamkausha, unamla na ugali, maisha yanaendelea. Wajaluo wanamwita fulu, Waganda wanamwita nkejje, na hakuna aliyemwekea heshima kama ya sato.

Kumbe chini ya jina hilo moja kulikuwa na ulimwengu mzima. Kuna furu wa kula konokono, wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kula wadudu, wa kula samaki wenzake, hadi wa kunyang'anya mayai na watoto kutoka kwenye midomo ya mama zao. Hesabu ilikuja kuvuka aina 500, na karibu zote hazipatikani popote duniani nje ya ziwa hili na maji ya jirani. Cha ajabu zaidi, ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa upya. Kwa kalenda ya viumbe hiyo ni kama juzi.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa timu ile walitangaza rasmi aina mpya kutoka kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza na kuipa jina la Rais wa Tanzania. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Mwalimu aling'atuka, neno ambalo yeye mwenyewe alilichota kwenye Kizanaki. Mwaka 1998 furu wa kwenye mawe wakapangwa upya, na wataalamu wakachota tena maneno ya huku huku: kundi moja likaitwa Pundamilia kwa sababu ya ile mistari, jingine Mbipia, kutoka mbipi, jina ambalo furu wa mawe alikuwa nalo tayari kwa wenyeji. Kwa hiyo mfugaji wa Chicago anapotamka jina la samaki wake, anaongea lugha ya huku bila kujua.

KISHA AKAINGIA SANGARA

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilikuwa na mawazo kwamba furu ni samaki wa hovyo: wengi, wadogo, hawana soko. Wazo likawa kuleta samaki mkubwa awale furu ageuze udogo wao kuwa minofu. Sangara akaingizwa upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa tena. Wapo wanasayansi waliopinga mapema wakisema huwezi kuweka mlaji wa kimo cha mtu kwenye maji ambayo hayajawahi kumwona. Hawakusikilizwa.

Kwa miaka kama ishirini ikaonekana kama hakuna kitu. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Tanzania mambo yakageuka ghafla. Nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikaanza kupandisha sangara mtupu. Ndani ya miaka michache furu wa maji ya wazi wakapotea, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka au kubaki chache mno.

Lazima haki itendeke hapa: sangara alileta hela. Musoma ilipata viwanda vya kukata minofu ya kupelekwa Ulaya, na watoto wengi wa mialoni, kuanzia Mwigobero hadi upande wa Bunda, wamesomeshwa kwa samaki huyo. Lakini minofu ilipopanda ndege, kilichobaki mtaani kikawa mapanki, na furu aliyekuwa kitoweo cha mnyonge akawa hadithi ya wazee.

Waliopona zaidi ni furu wa kwenye mawe. Sangara anapenda maji ya wazi, mbipi anajificha kwenye nyufa. Samaki wa Mwalimu alipona kwa staili hiyo.

WATU WASIO NA MAJINA

Wakati ziwa linageuka, watafiti walikuwa wakisafirisha furu hai kwenda Ulaya kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mabanda ya maonyesho ya samaki Marekani yakaungana kwenye mpango wa kuzalisha furu wa Ziwa Victoria ili angalau mbegu ibaki. Tatizo likawa nafasi. Taasisi haiwezi kufuga aina mia kwa miaka thelathini.

Hapo ndipo wakaingia watu wa kawaida. Mtu ametoka kazini, amevua viatu, anabadilisha maji ya tangi. Jike la nyererei linabeba mayai mdomoni wiki mbili hadi tatu bila kula, halafu linatema watoto wenye ukubwa wa punje. Mfugaji anawatenga, anawakuza, anampa mwenzake wa mji mwingine, huyo naye anampa wa tatu. Zipo aina za furu ambazo ziwani hazijaonekana tena, ila kizazi chake kinaendelea kwenye kioo cha mtu ambaye hakuna kitabu cha historia kitakachomtaja.

Na kuna jambo la kuuma kidogo. Samaki hao huuzwa na jina la kisiwa walikotoka: Makobe, Ruti, Python. Nyererei wa Makobe ni wa kisiwa kilichoko Ghuba ya Speke, maji yale yale yanayopiga pwani ya Bunda. Samaki asiye na jina la kisiwa thamani yake inashuka, maana hujui kama ni damu safi. Yaani samaki ana jina, kisiwa kina jina. Mvuvi aliyejua mawe yenyewe na kuwapeleka wageni kwa mtumbwi hana jina popote.

TANGI KUBWA LINAVYOPANGWA

Ukitazama mfugaji makini anavyoanza, utaelewa kilicholikuta ziwa.

Kwanza anapiga hesabu ya uzito. Tangi la mita mbili kwa sentimita 70 kwa sentimita 70 linabeba karibu lita 1,000, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ni tani nzima ya maji peke yake, sawa na kuegesha Vitz sebuleni, hujaweka kioo, mchanga wala mawe. Sakafu isipokuwa imara, hadithi inaishia hapo.

Pili, mawe yanatangulia. Yanakaa moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi, mchanga unafuata, kwa sababu furu anachimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka na kuvunja kioo. Mawe ni nyumba, ni maficho, na ni kiwanda pia. Kwenye vinyweleo vyake wanakaa bakteria wanaogeuza uchafu. Wafugaji wa matumbawe walilijua hilo tangu mfugaji mmoja wa Jakarta, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipoonyesha kwamba mawe hai ya baharini na hewa tu vinaweza kutunza tangi la maji chumvi.

Tatu, subira. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, bado sumu. Kundi la pili linaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia kwa kiasi, na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Anayeweka samaki siku ya kwanza ili apige picha ya kupost anazika wiki inayofuata.

Nne, hachanganyi ovyo. Haweki mlaji pamoja na mlo wake. Haweki aina mbili zinazofanana majike, maana watazaa mchanganyiko na mbegu itapotea.

Tano, taa safi na maji angavu. Hii wengi hudhani ni ya urembo tu. Siyo.

JARIBIO LA TAA

Nyererei ana ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake lina rangi ya bluu. Majike ya aina hizi mbili yanafanana sana. Jike linamchagua mume kwa rangi. Basi watafiti wa Leiden wakayaweka matangi chini ya taa mbili tofauti. Kwenye mwanga wa kawaida, jike la nyererei lilimfuata dume jekundu, jike la nduguye likamfuata la bluu. Wakawasha taa ya rangi ya chungwa pekee, ambayo inafuta tofauti kati ya nyekundu na bluu. Majike yakaacha kuchagua.

Halafu wakaangalia ziwani. Makobe, ambako maji ni angavu, nyekundu na bluu ni aina mbili zinazojitegemea. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza maji yanazidi kuchafuka na mipaka inafifia, hadi Luanso, ambako ni kundi moja lililochanganyika. Hakuna aliyewaua. Maji yalikuwa na ukungu tu, na samaki wakashindwa kuonana.

Sasa weka orodha ya mfugaji pembeni ya historia ya ziwa. Usiweke mlaji: tuliwekewa sangara. Usizidishe uchafu: maji ya mijini, mbolea na udongo wa mashamba vinashuka kila masika. Tunza mwanga: Mto Mara, uliotoka Kenya na kupita Serengeti, unapita Kirumi na kuingia ziwani karibu na Musoma ukiwa umebeba udongo, na kinachousaidia ni yale mafunjo ya kinamasi yanayouchuja kabla haujafika. Gurumeti nao unaingilia upande wa Bunda. Kinamasi kinafanya kazi ya kichujio cha tangi, ila kwa ukubwa wa mkoa. Anayekichoma ili apate shamba amechomoa kichujio ukutani.

KWA ANAYEWAZA TANGI LAKE

Siku hizi vijana wanaona video za matangi makubwa ya matumbawe na roho inatamani. Kwa mtu wa Mara, hilo lina gharama ya kuchekesha: bahari iko mbali, chumvi maalumu inaagizwa, na matumbawe yenyewe biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Wakati huo huo tangi la mawe la Ziwa Victoria karibu linajipanga lenyewe. Joto la digrii 24 hadi 27 Musoma linapatikana bila hita. Maji ya bomba unayaacha yakipigwa hewa siku moja klorini itoke. Adui mkubwa ni umeme kukatika, hivyo pampu ndogo ya hewa ya betri ni lazima. Samaki uwapate kwa kibali, na wakikushinda usiwamwage ziwani. Sangara naye alianza kwa mtu aliyemwaga samaki akidhani hakuna shida.

Mwalimu amelala Butiama, na kwenye makumbusho yake pale nyumbani watu wanakwenda kuona vitu alivyoviacha. Samaki mwenye jina lake bado anaogelea kwenye mawe ya kusini mwa ziwa, rangi zake zikitegemea maji yaliyo angavu. Tangi moja kubwa mjini Musoma, lenye mawe ya Ziwa Victoria na kibao kinachosema "Nyerere wa Makobe", lingewafundisha watoto mengi kuliko hotuba.

Mdau wa Musoma, Bunda na Butiama: kwenu furu mnamwitaje, na mara ya mwisho mzee wa nyumbani kumla ilikuwa lini? Shusha maoni.