Mabakuli Yaliyopanda Ukutani

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli uliopakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, vitoweo vikiwa juu yake. Pembeni paliwekwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, tena maziwa ya mgando na achari ya ndimu na pilipili. Alikula vizuri, na hakusahau kuandika. Lakini hata karamu ya mgeni wa heshima ilipakuliwa katika mti, ilhali miji ya pwani ilikuwa ikipokea kaure za Uchina zilizoletwa na majahazi.

Nyingi ziliishia ukutani.

Kule Gedi, pwani ya Kenya, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, mabakuli yalipachikwa kwenye kibla cha msikiti mkuu. Mambrui na Kunduchi yaliwekwa kwenye makaburi ya nguzo, yakashikwa kwa chokaa. Mengi yamebanduliwa, yamebaki matundu ya mviringo. Wezi nao walijua thamani yake. Huko Lamu na Pate, matajiri walijenga zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya lipu katika chumba cha ndani kabisa, wapange humo vyombo vyao. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoomboleza kuanguka kwa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, hakuzisahau zidaka hizo: vyombo vimekwisha, ndege wamehamia.

Isidhaniwe kwamba kaure haikutumika kulia chakula kamwe. Ila mwenye nyumba aliyetundika bakuli zima mahali ambapo mkono wa mlaji haufiki alikuwa akiwaambia wageni jambo: bahari inamjua.

Karne ya 19 ilivuruga heshima hiyo. Viwanda vya Maastricht, Uholanzi, kikiwemo cha Petrus Regout, vilimwaga sokoni mabakuli ya bei nafuu yenye maua ya rangi kali. Vigae vyake vimeokotwa hata kwenye mashamba ya karafuu ya Zanzibar. Kaure ya Uchina ilikuwa ya wachache. Haya ya kiwandani yakawa ya kulia wali.

Sahani ilibaki na kazi nyingine isiyohusu njaa: kombe. Mwalimu huandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi, naye mgonjwa akanywa.