Kulowea: Wawili Waliotutangulia Hamburg



Lipo neno ambalo sikuwahi kulitafakari mpaka mama yangu aliponitamkia kwenye simu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu mimi na mke wangu tuhamie Hamburg. Nilikuwa nikimweleza habari za nyumba tuliyopanga, baridi ya asubuhi, na jinsi mlangoni hapa pasivyo na hodi, bali pana vitufe vya kengele vilivyoandikwa majina ya ukoo ya wapangaji, na la kwetu limekwisha kuandikwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Basi ndiyo umelowea huko?"

Sikumjibu. Nilisema mtandao unakatika.

Kulowea ni kwenda ugenini, ukakaa, ukazidi kukaa, hata ukawa mtu wa huko. Siku hizi tumezoea zaidi nomino yake, mlowezi, nayo vitabu vya historia vimeifunga kwa Mzungu aliyekuja kutwaa ardhi ya Kenya. Lakini kitenzi chenyewe, katika kinywa cha mtu wa Pwani, hakihitaji shamba wala bunduki. Chahitaji muda tu, na mtu anayesubiri nyumbani. Asemaye "fulani kalowea" mara nyingi hatoi habari, analalamika.

Mama alikuwa na haki ya kulalamika. Kabla ya kufika hapa nilikuwa safarini miezi saba, nikiaga jamaa. Nilianzia Maskati kwa shangazi yangu, aliyeondoka Unguja mwaka 1964 akiwa msichana. Hadi leo akisema "kwetu" hujui anakusudia wapi mpaka amalize sentensi. Nikaenda Toronto kwa dada yangu, ambaye wanawe hunijibu kwa Kiingereza, ila wakigombana na mama yao Kiswahili huwatoka chote. Mwisho nikakaa Tanga siku arubaini na mama. Siku ya kuondoka hakulia. Alinipa mfuko wa bizari na methali moja: mkataa kwao mtumwa.

Methali hiyo na neno lile ndivyo vilivyonifanya niwatafute watu wawili waliokaa katika mji huu kabla yangu. Wote wawili walitoka Pwani yetu, na wote wawili walisemwa kuwa wamelowea.

Wa kwanza ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Mwaka 1866, akiwa mja mzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete, alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa mwaka 1867, na mwaka huohuo akaletwa Hamburg. Haikuwa ajabu kwa mtu wa Hamburg kufika Unguja: tangu mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilikuwa na mkataba wa biashara na Zanzibar, na nyumba za biashara za hapa zilikuwa na mawakala Forodhani. Ajabu ilikuwa kwa binti wa Sultani kuja upande huu.

Walikaa Uhlenhorst, kando ya ziwa la Alster. Nimekwenda kupatembea. Ni mtaa wa miti mirefu na nyumba nyeupe, na maji yametulia kama yaliyoambiwa yanyamaze. Hapo alizaa watoto watatu. Mwezi wa Agosti mwaka 1870 mumewe alianguka kutoka kwenye tramu ya farasi, akafa. Salme akabaki na umri wa miaka 25, watoto watatu, na lugha ambayo alikuwa bado anajifunza. Akahama mji baada ya mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu apate riziki.

Je, huyu alilowea? Tuangalie miaka miwili tu ya maisha yake. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, kwa kuwa Bismarck aliona dai lake la urithi lingefaa siasa zake. Kaka yake Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikataa kumwona. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa, akaja tena. Hakupata alichokitaka, akaondoka. Baada ya hapo aliishi miaka mingi Beirut, mahali ambapo angalau adhana ilisikika. Akafia Jena mwaka 1924.

Yapo mambo ya Salme ambayo siwezi kuyapamba. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aliutetea utumwa wa nyumba ya baba yake. Kwa sababu hiyo kiwanja kidogo cha mji huu kilichopewa jina lake mwaka 2019 kiliamuliwa kuvuliwa jina hilo mwaka uliofuata. Nami nilipokuwa nikisoma habari hizo ndipo methali ya mama iliponigeukia mkononi. Mkataa kwao mtumwa? Watumwa wa Mtoni hawakukataa kwao. Walinyakuliwa kutoka kwao, wakaletwa Unguja bila kuulizwa, wakalowea kwa lazima, hata wengine wakasahau jina la kijiji. Jilfidan mwenyewe alitekwa akiwa mtoto mdogo. Methali imepanga sababu na matokeo kinyume: si kwamba aliyekataa kwao huwa mtumwa, aliyefanywa mtumwa ndiye aliyenyang'anywa kwao. Na Salme, aliyelia maisha yake yote kwa kufungiwa mlango wa nyumbani, hakuliona hilo kwa wale waliomfagilia ua.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Wapenzi wa nathari ya Kiswahili wanamjua kwa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten. Mambo yamo tangu mtoto kuzaliwa hata maiti kuzikwa: jando, harusi, ngoma, uganga, madeni, watumwa na waungwana. Mimi nimekitumia kitabu hicho kwa miaka kama mtu atumiavyo kisima, bila kuuliza nani alikichimba, wala alikuwa wapi siku kilipotoka. Alikuwa Berlin. Alifika huko mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na wanafunzi wake wengi walikuwa maofisa waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala watu wa kwao.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakafunga safari kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni haikukubali Mwafrika aingie na mke wa Kizungu wakaishi huko kama mume na mke. Mwalimu yule, aliyekuwa amewaeleza Wajerumani jinsi Mswahili anavyompokea mgeni, alizuiwa kuwa mwenyeji kwao. Wakarudi Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 alifundisha hapa Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni, wakati wa Carl Meinhof. Baadaye akarejea Berlin, akapata riziki kwa kutoa mihadhara juu ya nchi yake mbele ya watu ambao hawakuwahi kuiona. Akafia huko mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Jumba lenye kuba lililojengewa mihadhara ya taasisi ile, lililofunguliwa mwaka 1911, sasa ni la Chuo Kikuu cha Hamburg, na Kiswahili kingali kinafundishwa katika chuo hicho. Nilisimama mbele yake siku ya mvua nikiwaza jambo dogo la lugha. Maneno mawili ya Kijerumani tumeyatia mfukoni bila kuyarudisha: shule na hela. Watoto wetu wanakwenda shule, nasi twatafuta hela ya kuwalipia, na hakuna anayesema kwamba maneno hayo ni wageni. Yamelowea, na hatukuyalaumu. Neno huruhusiwa kuhama na kubaki. Mtu ndiye anayeulizwa.

Basi nikaona kwamba kitenzi chetu kina upungufu. Kulowea kwamtazama yule aliyeondoka tu. Kwamwona amekaa, kwadhani amependa. Hakuulizi mlango wa kwao uko wazi au umefungwa, wala ufunguo anao nani. Salme alifungiwa na ndugu. Mtoro alifungiwa na serikali. Jilfidan alifungiwa na bei aliyonunuliwa. Na majirani wao wa huku wangeweza kusema, kwa kuwatazama wakitembea barabarani na makoti yao, kwamba hawa wamekwisha kuwa watu wa hapa.

Tena tazameni walichokifanya. Yule binti aliyekataliwa ndiye aliyetuachia picha ya Mtoni ilivyokuwa asubuhi, nani alikula na nani, nani alilala wapi. Yule mwalimu aliyerudishwa melini ndiye aliyetuachia maelezo ya desturi zetu ambayo hadi leo tunayanukuu. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya nyumbani tumeandikiwa na watu waliokuwa mbali nako. Yaelekea aliyeko nyumbani haoni haja ya kuandika jinsi uji unavyopikwa.

Lakini hapo ndipo swali la mama liliponirudia kwa nguvu, maana kwangu mimi nani kafunga? Pasi yangu ni nzima. Hakuna ndugu aliyekataa kuniona. Ndege hupaa kila siku. Siwezi kujificha nyuma ya Salme wala nyuma ya Mtoro. Wao walinyimwa njia. Mimi ninayo, na nyasi zikiota juu yake ni kwa sababu ya miguu yangu mwenyewe.

Jumapili moja tulikwenda na mke wangu makaburi ya Ohlsdorf. Ni makubwa kiasi kwamba basi hupita ndani yake. Salme amezikwa huko, katika kaburi la ukoo wa Ruete, na pamoja naye umezikwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, uliokutwa katika vitu vyake alipokufa. Alikuwa akiuhifadhi miaka yote hiyo, mji baada ya mji. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimama kidogo kisha akasema: "Bizari ya mama imebaki nusu." Tukarudi nyumbani.

Usiku ule nilimwandikia mama jibu nililomnyima kwenye simu. Yeye ni mtu wa mashairi tangu usichana wake, kwa hiyo nikaona afadhali nimpelekee kwa njia anayoiheshimu:

Mama umenihojia, kwamba huku nalowea,
Jibu nakurudishia, ni kwako naelekea,
Njia niliyopitia, majani hayajamea,
Ufunguo shikilia, mwanao nitarejea.

Asubuhi nikakuta amejibu kwa sauti. Alianza na dua, akaulizia afya ya mkwewe, akasema amehesabu kwa vidole na mizani imetimia, vina havina kosa. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa jirani yake akiwika nyuma.

"Shairi limefika salama, mwanangu," akasema. "Sasa nakungoja wewe."

Nimeshaulizia nauli ya mwezi wa Desemba.