Ukihama mtandao, unahamia kwa nani?

Kila tukibishana hapa kuhusu kufutiwa posti, lazima mtu aseme: tuhamie Mastodon, huko hakuna mwenyewe. Sawa, lakini turudi nyuma kidogo.

Oktoba 2018 mtu mmoja aliua watu 11 ndani ya sinagogi mjini Pittsburgh, Marekani. Chuki zake alikuwa akiziandika Gab, mtandao uliojisifu kwa uhuru wa kusema. Kampuni zilizouhifadhi zikautupa nje. Julai 2019 Gab wakaja na mbinu mpya: wakachukua programu ya Mastodon. Mwanzilishi wake, Eugen Rochko, hakufurahia hata kidogo, lakini angefanyaje? Programu ni huria, yeyote anachukua.

Kumbe nguvu iko kwa maadmini. Seva moja baada ya nyingine ikakata mawasiliano na Gab. Haikufungwa, ila wengi hawakuisikia tena.

Je, huko ni kuzibwa mdomo? Mimi nasema hapana, kukataa kukusikiliza si kukuziba. Shida yangu ni kwamba kitufe ni hicho hicho maadmini wawili wakikosana. Unaamka asubuhi, marafiki wako wa seva ile nyingine hawakuoni tena. Hukuulizwa. Na huyo admini hukumpigia kura, pengine hata jina lake hulijui.