Arusi za Wajoli

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali kuelekea Malindi, hupita mahali paitwapo Kengeleni. Watu hushuka hapo kila siku, wakanunua machungwa na mahamri, wakaenda zao, na ni wachache wainuao macho kuitazama kengele yenyewe iliyokipa kituo hicho jina. Kengele hiyo ilikuwa ya Frere Town, mji mdogo wa watu waliotolewa utumwani. Husimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya wenyeji kila walipoonekana watu waliokuja kuwateka tena. Iliwaita pia kanisani, na kanisani ndiko walikofungiwa arusi zao. Arusi hizo ndizo nitakazo kuzieleza hapa.

Nianze na neno moja ambalo wazee wa pwani walilitumia sana, na ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Neno hilo ni mjoli. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mliye chini ya bwana mmoja. Yeye si ndugu yako, kwa maana hamkunyonya ziwa moja; wala si rafiki yako, kwa maana hukumchagua. Kilichowakutanisha ni msiba. Sasa fikiri, msomaji: mtu wa namna hiyo, ambaye kila umwonapo wakumbuka siku iliyokuwa mbaya kuliko zote za maisha yako, aweza kuwa ndiye utakayempenda? Watu wa Frere Town na wa Rabai walilijibu swali hili kwa maisha yao, na jibu lao lilichukua miaka mingi.

Katika karne ya 19 nchi zilizolizunguka ziwa Nyasa ziliteketezwa na biashara ya watumwa. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo walitekwa vitani, au walikamatwa njiani, au waliuzwa na watu wao wenyewe wakati wa njaa. Walitembezwa kwa miguu hata Kilwa, wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja, na kutoka huko wengine walivushwa mpaka Uarabuni. Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe kwa bahari. Manowari za Kiingereza, ambazo tangu zamani zilikuwa zikiyasaka majahazi hayo, sasa ziliyasaka kwa bidii zaidi.

Wanafunzi wangu wasomapo habari hizi hudhani kwamba manowari ilipolikamata jahazi, taabu ilikwisha. Sivyo. Watu wale walipandishwa sitahani, wakapewa nguo na chakula, wakaambiwa kwamba wako huru. Lakini huru waende wapi? Kwao kulikuwa mwendo wa miezi, na njia ya kurudia ilikuwa ndiyo ile ile waliyojia, yenye watekaji wale wale. Vijiji vingi walivyovijua vilikuwa majivu. Basi wengine walishushwa katika visiwa vya Shelisheli, na wengine walipelekwa Bombay, ambako watoto kadha wa kadha walilelewa na misheni karibu na mji wa Nasik. Mwishoni mwa mwaka wa 1874 mmisionari William Salter Price, wa Church Missionary Society, alifika Mombasa, akanunua ardhi upande wa bara ukabilianao na kisiwa, ili kuwapa makao watu wa namna hiyo. Mahali hapo pakaitwa kwa jina la Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyekuja Unguja kuutafuta ule mkataba wa 1873. Mwaka uliofuata manowari zilianza kushusha watu hapo kwa mamia.

Tazama basi hali yao. Katika mila zetu kijana haoi peke yake. Baba hupeleka posa, mjomba hupokea mahari, shangazi humfunda mwari, na wazee wa pande zote mbili huulizana habari za ukoo ili damu moja isije ikachanganyika. Frere Town hapakuwa na baba wala mjomba wala shangazi. Mahari angepewa nani? Na mtoto aliyetekwa akiwa na miaka mitano, asiyekumbuka ila jina la mto uliopita karibu na nyumba yao, angeulizwaje habari za ukoo? Hata lugha ilikuwa taabu. Myao hakumwelewa Mmakua, wala Mmakua hakumwelewa Mgalla, kama walivyoitwa zamani hizo Waoromo. Walichokuwa nacho wote ni Kiswahili, lugha waliyojifunza njiani na mashambani, mara nyingi kutoka kwa wale waliowaamrisha. Mimi hushangaa kila nikumbukapo kwamba lugha hii tunayoandikia insha zetu iliwahi kuwa lugha ya amri kwa watu wale, kisha ikawa lugha waliyobembelezea watoto wao.

Kwa kuwa wazazi hawakuwapo, wamisionari walishika mahali pao. Wao ndio walioruhusu ndoa, na pengine ndio waliozipanga. Huko Bagamoyo, mapadre wa Kifaransa waliofika mwaka wa 1868 walikuwa na desturi ya kuwaoza vijana waliokulia kwao, wakawapa kila mume na mke nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo. Mambo haya yalikuwa na wema wake, lakini tusiyapambe. Mtu aliyepangiwa mke kwa sababu wamelingana umri hajapewa bado kitu kiitwacho mapenzi. Wala uhuru wenyewe wa misheni haukuwa uhuru kamili: kulikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya kazi na kengele ya kulala, na palikuwa na adhabu. Mwaka wa 1881 malalamiko juu ya viboko vilivyopigwa Frere Town yalizidi hata ikabidi uchunguzi ufanywe. Watu waliokwisha kupigwa mijeledi na watekaji walipigwa tena na waliojiita walezi wao. Sioni haja ya kulificha jambo hilo kwa wasomaji wenye umri wenu.

Na mapenzi je? Vitabu vya misheni havisemi sana. Vyatuambia fulani amemwoa fulani, basi. Sentensi moja, kisha habari za mavuno ya muhogo. Anayetaka kujua watu hawa walipendana au hawakupendana asitafute maneno yao, bali atazame walivyotenda siku nyumba zao zilipotishwa. Siku hizo zilikuja Rabai, mwaka wa 1888.

Kwanza yafaa mmjue mtu mmoja, William Jones. Alizaliwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa, akaokolewa baharini, akapelekwa Bara Hindi, akasoma huko Nasik. Mwaka wa 1864, yaani miaka kumi kabla ya Frere Town, yeye na mwenzake Ishmael Semler walirudishwa Afrika kumsaidia mzee Johann Rebmann katika misheni ya Rabai. Walikuja na wake zao, ambao nao walikuwa wametoka utumwani. Mke wa Jones aliitwa Jemimah. Hebu wazia safari ya watu hao wawili: kila mmoja alichukuliwa akiwa mtoto, akavushwa bahari kwa nguvu, sasa wanaivuka bahari ile ile pamoja, wakiirudia pwani iliyowauza, si kwa minyororo bali kwa hiari.

Jones alifanywa shemasi mwaka wa 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba pamoja na wapagazi wengi. Jones alikuwa ameachwa nyuma na kundi jingine. Akangoja, akazipata habari, akaligeuza kundi lake, na mwezi wa Februari 1886 akaingia Rabai mbele ya watu waliochakaa, wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Wanawake wa Rabai, ambao wengi wao walijua tangu utoto maana ya msafara uondokao usirudi, ndio waliokuwa wakingoja. Wengine hawakuona mtu wao. Jemimah alimwona wake.

Nimeeleza hayo ili msishangae kwa jambo alilofanya Jones baadaye. Mashamba ya Waarabu na Waswahili ya Mombasa, Takaungu na Malindi yalikuwa bado na watumwa, kwa kuwa mkataba wa 1873 ulikataza kuwasafirisha, haukukataza kuwa nao. Watumwa hao walikuwa wakitoroka. Waliitwa watoro, nao walikimbilia msituni na katika misheni. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekwisha kuagiza kwamba watoro wasipokelewe, kwa kuwa sheria ya nchi iliwahesabu kuwa mali ya watu. Jones, aliyekuwa akiisimamia Rabai, aliwapokea. Hakuwapokea wawili watatu, walikuwa mamia. Walijenga, wakalima, wakabatizwa, wakaoana.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Kwa sheria iliyotumika pwani, mtumwa hakuweza kuoa bila ya idhini ya bwana wake, na mtoto wa mjakazi alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Mume aliyetoroka Takaungu na mke aliyetoroka Mombasa, waliokutana Rabai wakazaa watoto watatu, hawakuwa nyumba moja mbele ya sheria hiyo. Bwana mmoja angemchukua baba, na bwana mwingine angemchukua mama na wanawe. Mwaka wa 1888 wenye watumwa walikuja juu. Walidai watu wao, na palikuwa na vitisho vya kuishambulia misheni. Price, ambaye sasa alikuwa mzee, alirudishwa kutoka Uingereza kutafuta suluhu. Akaandikisha watu, akaona kwamba sehemu kubwa ya kijiji alichokisifu kilikuwa cha watoro.

Jambo rahisi kwa mtoro lilikuwa kukimbia tena. Alikwisha kukimbia mara moja, na njia za msituni alizijua. Mtu asiye na cha kupenda angefanya hivyo usiku ule ule. Lakini mamia walikaa Rabai miezi ile yote, katika nyumba zao, hali wakijua kwamba wakati wowote wangeweza kurudishwa. Sidhani kwamba ni mihogo shambani iliyowazuia wasikimbie.

Suluhu ilipatikana kwa fedha. George Mackenzie, aliyefika Mombasa mwezi wa Oktoba kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kuitawala nchi hii, alikubaliana na wenye watumwa kwamba walipwe reale 25 kwa kila mtoro. Tarehe 1 Januari 1889, hati za uhuru zilitolewa Rabai. Kwa jumla watu zaidi ya 1,400 walikombolewa kwa mapatano hayo. Kila mwaka nifundishapo somo hili chuoni, walimu wanafunzi hubishana: kwa nini fedha walipewa wenye kutumikisha, wala si waliotumikishwa? Huwaacha wabishane, kwa kuwa hoja yao ni ya haki. Lakini huwakumbusha pia kwamba kwa mume na mke waliolala siku ile Rabai, kile kikaratasi kilikuwa na maana moja iliyo wazi: kesho asubuhi wataamka pamoja.

Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria ya nchi hii mpaka mwaka wa 1907. Wakati huo watoto wa arusi za kwanza za Frere Town walikuwa watu wazima. Walikuwa walimu, makarani, maseremala, wahubiri. Pengine walidharauliwa, wenyeji waliwauliza kabila lao, nao hawakuwa na jibu ila kusema wametoka misheni. Wazee wao walizeeka polepole. Mathew Wellington, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hata pwani, aliishi mpaka mwaka wa 1935, akafa Mombasa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwana mmoja wa mji huo alipata kuandika. James Juma Mbotela alichapisha kitabu chake Uhuru wa Watumwa, akieleza jinsi wazee wake walivyotekwa, walivyookolewa, na walivyoanza maisha mapya Frere Town. Wataalamu wa baadaye wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo mimi hukisoma kwa namna nyingine. Kwanza, ni ushahidi kwamba baba alimsimulia mwanawe. Watu waliopatwa na msiba mkubwa mara nyingi hawasemi. Hujifungia moyoni wakafa nao. Mpaka mtu apate mahali pa kuketi jioni, penye mke na watoto na moto jikoni, ndipo ulimi wake hufunguka akasema, "Siku moja, tulipokuwa kwetu, walikuja watu."

James Mbotela naye alipata mwana, akaitwa Leonard Mambo. Alizaliwa Frere Town mwaka wa 1940, na Kenya nzima ilimjua kwa sauti yake. Tangu mwaka wa 1966, kwa zaidi ya miaka 50, aliwauliza wasikilizaji wa redio swali moja: Je, huu ni ungwana? Sisi tulilisikia kama swali la adabu, la mtu anayetema mate njiani au kusukuma wenziwe katika basi. Lakini katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mngwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Mngwana alikuwa mtu asiye mtumwa, na ungwana ulikuwa ndiyo hali ile ambayo babu yake Leonard alinyang'anywa akiwa kijana.

Leonard Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025. Wiki hiyo niliwauliza wanafunzi wangu kama wanajua mtangazaji huyo alitoka wapi. Mmoja alisema Mombasa. Nikawauliza kama wamepata kupita Kengeleni, na karibu nusu ya darasa waliinua mikono.