Mtaro Uliochimbwa na Wanachama: Jinsi Ushirika Ulivyoleta Intaneti Mashambani Lancashire

Kila mwanaushirika amepata kulisikia jina la Rochdale. Katika mji huo wa Uingereza, uliokuwa wakati huo ndani ya jimbo la Lancashire, wafumaji na mafundi wachache walifungua duka lao katika njia ya Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Duka hilo dogo lahesabiwa kuwa shina la vyama vya ushirika ulimwenguni. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba katika jimbo lile lile, miaka 167 baadaye, watu wa mashamba waliunda chama kingine kistahilicho kuitwa mjukuu wa Rochdale. Nacho hakikuundwa ili kuuza unga, bali kuleta intaneti ya kasi vijijini.

Kaskazini mwa Lancashire liko bonde la mto Lune. Ni nchi ya kondoo na ng'ombe wa maziwa, yenye kuta za mawe na nyumba zilizotawanyika. Intaneti yao ilipita katika waya wa shaba wa simu, na tabia ya waya huo ni kwamba kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, ndivyo kasi inavyopungua. Basi aliyekaa mjini alipata huduma njema, na mkulima wa mwisho wa bonde alipata kidogo sana, au hakupata kitu. Wakati huo huo taarifa za mifugo, hesabu za kodi, biashara na masomo ya watoto vilikuwa vikihamia katika mtandao. Asiye na njia nzuri aliachwa nyuma, ingawa shamba lake lilikuwa na rutuba ile ile.

Kwa nini kampuni kubwa hazikuharakisha kwenda huko? Jibu lao lilikuwa la hesabu: nyumba ni chache, mitaro ni mirefu, na faida haionekani.

Mwaka 2011 watu wa bonde hilo waliandikisha chama chao, Broadband for the Rural North. Kwa kifupi hukiita B4RN, na kwa Kiingereza jina hilo husikika kama neno lenye maana ya ghala la shambani. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Bwana Barry Forde, mtaalamu wa mitandao ya kompyuta aliyepata kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Lancaster, na Bibi Christine Conder, mtu wa shambani, aliyeipigania intaneti ya vijijini kwa miaka mingi.

Waanzilishi hao waliichukua hesabu ile ile ya kampuni, wakaisoma upya. Njia iliyo bora ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, upitishao habari kwa mwanga, wala umbali wa vijijini hauupunguzii kasi kama waya wa shaba. Lakini sehemu kubwa ya gharama haimo katika uzi wenyewe. Imo katika kuchimba mtaro na katika kulipia ruhusa ya kupita katika ardhi za watu. Na ardhi ni ya nani? Ni ya wakulima. Matrekta na mashine za kuchimbia ni za nani? Ni za wakulima. Kwa hiyo kile kilichokuwa ghali kwa kampuni ndicho hasa walichokuwa nacho wanachama.

Fedha zilitafutwa kwa kuuza hisa. Kiwango cha chini kilikuwa pauni 100. Kila mwanachama ana kura moja tu, awe na hisa nyingi au chache, kama ilivyokuwa Rochdale. Hisa hizo haziuzwi sokoni ili mtu atajirike kwa kupanda kwa bei, na ziada ya chama ni kwa manufaa ya jamii.

Kazi ya mitaro ilianza mwaka 2012. Wenye mashamba waliruhusu mabomba yapite katika ardhi zao pasipo malipo. Jambo hilo lilihitaji maneno mengi na subira nyingi, maana mwenye shamba mmoja akikataa, mtaro hulazimika kuzunguka, na jirani zake wote hulipia mzunguko huo. Wengine walichimba kwa kujitolea, na wengine walilipwa kazi yao kwa hisa. Mabomba yalipokwisha kufukiwa, uzi ulisukumwa ndani yake kwa nguvu ya hewa. Wanakijiji walijifunza hata kuziunga nyuzi hizo kwa joto, kazi iliyodhaniwa kuwa ya mafundi wa mjini peke yao.

Matokeo yake ni kwamba nyumba ya shambani ilipata kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, kupokea na kupeleka sawasawa. Katika miaka ya mwanzo ada ya kuunganishwa ilikuwa pauni 150, na ada ya mwezi pauni 30. Nyumba nyingi za mijini Uingereza hazikuwa na kasi ya namna hiyo wakati ule. Tangu hapo chama kimevuka mipaka ya Lancashire na kuingia Cumbria na Yorkshire, na wateja wake wamepita 10,000.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliupokea mkongo wa Seacom, uliopita chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam, mwaka 2009. Mingine ikafuata. Mlango wa pwani umefunguliwa; safari ngumu ni ile ya kutoka mjini hadi ghala la chama cha msingi. Wala haifai kuiga pasipo kupima: watu wa Lune walikuwa na mtaalamu, na akiba ya kununulia hisa. Pengine kwetu minara itafaa zaidi kuliko mitaro. Lakini kabla ya kukubali neno la kwamba jambo fulani ni ghali mno kwa wakulima, yatupasa kuuliza ni sehemu gani ya gharama hiyo ambayo tayari tunayo mikononi: ardhi, nguvu za kazi, au imani ya jirani kwa jirani. Swali hilo ni la mkutano mkuu, na kila mwanachama ana kura moja ya kulijibu.